Barua ya wazi kwa vijana wa Ngamiani: uamuzi wa Rais unapingika mahakamani

Wanangu, asalaam aleikum.

Neno "Rais hashtakiwi" limezoeleka vijiweni Tanga hadi watu wanaiacha haki yao ipite. Ibara ya 46 ya Katiba inamkinga yeye mwenyewe na mashtaka ya jinai akiwa madarakani. Haiukingi uamuzi wake. Akitwaa ardhi kinyume cha sheria, Mahakama Kuu inaweza kuutengua uamuzi huo, maana Ibara ya 107A imeipa Mahakama kauli ya mwisho ya utoaji haki.

Kinachoua kesi hizi ni pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka shauri litupwe kabla madai yako hayajasikilizwa. Marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yalitaka shauri la kulalamikia kitendo cha Rais lifunguliwe dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Marekebisho hayo hayo yalidai kiapo cha maandishi kinachoonyesha ulivyoathirika wewe binafsi, hadi Mahakama ya Rufani ilipolitengua sharti hilo mwaka 2025. Kwangu mimi mlango ule ulikuwa umebanwa mno. Wakati ule ukiapa kwamba "sisi wananchi wa Tanga tumeonewa", ungetupwa nje. Hata sasa, taja shamba liko wapi, ekari ngapi, ulipanda nini, barua ya kukuondoa ina tarehe gani, na nakala yake uiambatanishe kama kielelezo. Ulichosikia kwa jirani usikiapie. Jirani aape chake.

Mapitio ya mahakama, yaani kuiomba Mahakama Kuu iukague uamuzi wa kiongozi au ofisi ya umma, ni mlango mwingine, msiichanganye. Huko unaanza kwa kuomba kibali ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa, wala si tangu habari ilipokufikia. Ukikipata, una siku 14 tu za kuwasilisha maombi yenyewe. Watu huimaliza miezi hiyo wakizungusha barua ofisi hadi ofisi. Zungukeni, ila mkihesabu siku.

Na mkishinda kesi ya sheria mbaya, msishangae isipofutwa papo hapo: Ibara ya 30(5) inairuhusu Mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha.

Matokeo ya urais ndiyo yenye ukuta. Ibara ya 41(7) inakataza mahakama kuyachunguza. Julai 2020, katika shauri la Jebra Kambole, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha iliona ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kuiondoa kunataka theluthi mbili ya wabunge wote, kwa hiyo hilo mpelekeeni mbunge wenu, kwa maandishi.