Barua ya wazi kwa wazee wa ukoo: mwacheni binti yule

Wadogo zangu, mawifi na mashemeji,

Marahaba, naipokea kabla hamjaitoa, maana leo sina nafasi ya salamu ndefu.

Tangu kikao cha harusi hasira haijanitoka. Mlimsimamisha mwanamke mzima mbele ya watu, mkamtaka ampe mkono kaka yake "yaishe". Alipotetemeka, mkasema ana kiburi cha usomi. Mmoja akatoa methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wote mkaitikia.

Huyu hakugombana na mtu. Alipigwa na kaka yake huyo tangu utotoni, na mlijua. Wazazi walishinda dukani mpaka usiku. Kijana wa miaka kumi na tano akaachiwa funguo, chakula na fimbo, akaambiwa wewe ndiye baba wa hapa. Mdogo wake wa miaka tisa akawa chini ya mamlaka ya mtoto mwenzake ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Akanyimwa chakula, akafungiwa stoo. Akishtaki, anaambiwa "mheshimu kaka yako", kesho yake anapigwa kwa kosa la kushtaki. Mnauita utundu! Watoto wakigombana, leo analia huyu, kesho yule. Akiwa analia mmoja tu kila siku, tena anaogopa kutoka shule kurudi kwao, huo ni ukatili. Na fimbo ile ilitoka kwa watu wazima. Tunapenda mno kusifu "mkubwa kalea wadogo zake" bila kuuliza kawalea vipi.

Eti miaka mingi imepita. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya kufuatilia maelfu ya watoto wa Uingereza: walioonewa na ndugu zao mara kwa mara wakiwa na miaka 12 walikuwa na uwezekano wa kama mara mbili wa kupata sonona walipofika 18. Ukubwani nako nimeyaona: mtu anashtuka mlango ukibamizwa, anaomba radhi kwa asilotenda, anamvumilia mume mpigaji kwa kuwa tangu utotoni kipigo kiliitwa mapenzi. Anayehama mji mnasema anaringa.

Mwanangu, kama unasoma, hakuna anayekudai msamaha. Ukisamehe, iwe siku uitakayo wewe, na hata hapo si lazima mle sahani moja. Kumwona mshauri wa saikolojia si wazimu.

Wenye watoto wadogo: mtoto asimchape mtoto. Anayeshtaki asikilizwe peke yake. Matusi na vitisho navyo vihesabiwe, si alama za mwilini tu. Kijana anayetesa asaidiwe mapema. Wengi wanarudia waliyotendewa. Likiwashinda, simu ya watoto kwa Tanzania na Kenya ni 116.

Sendofu ni mwezi ujao. Binti ameshatuma mchango wake. Asipofika, asipigiwe simu ya lawama. Mwenye malalamiko anipigie mimi.

Dada yenu mkubwa