Wikendi ya Natchez: kwa nini safari zetu hazianzi na majumba

Msimu wa baridi ukishaanza kulegea hapa Houston, simu za kuulizia Natchez, mji wa kale wa jimbo la Mississippi, huwa nyingi ofisini kwetu. Mteja ameona picha: jumba jeupe lenye nguzo ndefu, miti imefunikwa na yale majani ya kijivu yanayoning'inia, mto Mississippi ukipita kwa chini. Anataka kupeleka familia, au kikundi cha kina mama, au wazazi waliokuja kutembea kutoka nyumbani. Anauliza bei. Sisi, kabla ya bei, tunamuuliza: Ijumaa mnaweza kuondoka saa ngapi?

Kupitia Baton Rouge, Houston hadi Natchez ni mwendo wa saa tano na nusu hadi sita, barabara ikiwa nyeupe. Shida ni kwamba Ijumaa jioni haiwi nyeupe. Ukifika daraja la I-10 la Baton Rouge kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa kumi na mbili, magari yanabanana na unaweza kupoteza saa nzima ukitazama taa za breki za mwenzako. Kwa hiyo vani zetu huondoka saa moja asubuhi. Anayeshindwa kupata ruhusa kazini, tunamshauri aondoke usiku baada ya msongamano, alale Baton Rouge, kisha Jumamosi alfajiri amalizie maili 90 zilizobaki kwa barabara ya 61. Anayetaka kuondoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili, tunamwambia ukweli: asubiri wikendi yenye Jumatatu ya mapumziko. Na anayetaka kuunganisha na New Orleans humo humo, hiyo safari hatuifanyi. Atakuwa amelipia kiti cha gari tu.

Sasa mpango wenyewe. Kampuni nyingi huanza Jumamosi na majumba, halafu muda ukibaki wanapitisha wageni sehemu nyingine. Sisi tunafanya kinyume, na mara nyingi wateja hutuuliza sababu. Sababu ni pamba. Natchez ulianza mwaka 1716, Wafaransa walipojenga ngome yao ya Rosalie juu ya genge la mto, lakini utajiri unaouona leo ulitokana na mashamba ya pamba ya karne ya 19, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mji ulijisalimisha kwa jeshi la Kaskazini mwaka 1862 bila mapigano makubwa, ndiyo maana majumba mengi yamesimama mpaka leo. Ukiingia jumba la kwanza bila kujua fedha ilitoka wapi, utakumbuka mapazia na vyombo vya kaure. Ukiingia ukiwa umetoka kwenye soko la watumwa, kila ngazi utaiuliza ilijengwa na nani.

Soko hilo linaitwa Forks of the Road, mwendo mfupi kwa gari kutoka katikati ya mji. Mwaka 1833, kipindupindu kilipoingia, baraza la mji liliwafukuza wafanyabiashara wa watumwa wasiuze watu ndani ya mji, nao wakahamia kwenye njia panda hii nje ya mpaka. Kwa miaka 30 iliyofuata hapakuwa na soko kubwa zaidi la watumwa katika Kusini yote ya mbali isipokuwa lile la New Orleans. Kampuni ya Franklin na Armfield ilileta watu kutoka Virginia, wengine kwa meli kupitia New Orleans, wengine kwa miguu wamefungwa minyororo. Mwaka 1863 jeshi la Kaskazini liliposhika mji na kukaa, askari weusi, ambao baadhi yao walikuwa watumwa siku chache kabla, walishiriki kuyabomoa mabanda ya soko hilo.

Mtu asitarajie jengo. Utakuta uwanja wa majani, mabango ya maelezo, na minyororo iliyozamishwa kwenye zege ardhini. Hakuna kiingilio. Wateja wetu waliowahi kufika Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa, wakiiona hiyo minyororo hukaa kimya muda mrefu, na hatuwaharakishi. Tunatenga saa nzima pale, na tunaomba wazazi wazungumze na watoto wao kabla ya kushuka kwenye gari.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote apendaye habari za bara letu, kuna mtu mmoja ambaye lazima tumtaje tukiwa Natchez. Abdul Rahman Ibrahima alikuwa mtoto wa mtawala wa Futa Jallon, eneo ambalo leo liko Guinea. Alitekwa vitani mwaka 1788, akauzwa, akaishia mikononi mwa mkulima aitwaye Thomas Foster hapa Natchez. Mwaka 1807 akiwa sokoni anauza mboga alikutana na daktari mmoja, John Cox, ambaye miaka mingi nyuma aliugua Afrika Magharibi akatunzwa nyumbani kwa baba yake Abdul Rahman. Cox alimtambua na akajaribu kumnunulia uhuru. Foster akakataa. Ilipita miaka mingine 20 na zaidi, na barua ambayo Abdul Rahman aliiandika kwa Kiarabu ikafikishwa hadi kwa Sultani wa Morocco, ndipo serikali ya Marekani ikaingilia na akaachiwa mwaka 1828, baada ya miaka 40 ya utumwa. Alivuka bahari na mkewe Isabella hadi Liberia, akafariki Monrovia mwaka 1829 bila kuiona tena ardhi ya kwao, na watoto wake wengi wakiwa bado utumwani. Tunaisimulia habari hii yote kwenye gari, kwa Kiswahili, kwa sababu wazee wetu wanastahili kuisikia katika lugha wanayoielewa.

Kutoka sokoni tunakwenda nyumba ya William Johnson, mtaa wa State. Huyu alizaliwa mtumwa, akaachiwa huru mwaka 1820 akiwa mtoto wa miaka 11, akawa kinyozi mwenye vinyozi wengine chini yake, na kuanzia 1835 hadi alipouawa mwaka 1851 aliandika shajara ya maisha ya mji: nani kapigana, nani kadaiwa, farasi gani kashinda. Yeye mwenyewe pia alimiliki watumwa. Jambo hili huwasumbua wageni wetu, na linapaswa kuwasumbua. Nyumba hii, soko la Forks of the Road na jumba la Melrose vyote viko chini ya hifadhi ya taifa ya Natchez. Saa za kufungua hubadilika kwa msimu, kwa hiyo tunazihakikisha wiki ya safari yenyewe.

Baada ya hapo, majumba. Jumba moja mchana na jingine Jumapili asubuhi yanatosha. Ukitembelea manne yatachanganyikana kichwani. Kama utachagua moja tu, chagua Longwood. Ni jumba la pembe nane ambalo Haller Nutt alianza kulijenga mwaka 1860. Vita vilipoanza mwaka uliofuata, mafundi kutoka Kaskazini waliacha zana wakarudi kwao. Vyumba vya chini vilimaliziwa, na kwenye kazi hiyo walikuwemo watumwa. Ghorofa za juu hazikumalizwa mpaka leo. Unapanda ngazi kutoka chumba chenye samani nzuri, unatokea juu kwenye mbao tupu. Majumba mengi unaingia ukiongozwa na mtembeza wageni kwa muda uliopangwa, kwa hiyo tiketi tunazinunua mapema.

Watoto wakiwemo, Jumamosi alasiri tunawapeleka kijiji kikuu cha Wanatchez, watu asilia ambao mji umechukua jina lao. Kuna vilima vitatu vya udongo vilivyojengwa kwa mikono, na nafasi ya kukimbia. Mtawala wao aliitwa Jua Kuu. Mwaka 1729 waliwaasi Wafaransa waliotaka ardhi yao, wakaua zaidi ya watu 200, na Wafaransa walipolipiza, taifa lile lilisambaratishwa. Jioni tunaishia juu ya genge. Mto uko magharibi, kwa hiyo jua linazama upande wa Louisiana mbele yako, na chini kabisa ndipo ilipokuwa bandari ya meli za moshi.

Malazi yana maswali yake. Nyumba za kale zilizogeuzwa kuwa za wageni zinapendeza, lakini ngazi zake ni kali, lifti hazina, na baadhi hazipokei watoto wadogo. Kama mama au baba ana shida ya magoti, tuambie siku ya kuweka nafasi, si siku ya kufika. Wenye watoto huwa tunawapeleka hoteli za kawaida, hata ng'ambo ya daraja, Vidalia.

Kuhusu chakula: sukuma wiki utaikuta, maharage utayakuta, lakini kule kwa kawaida hupikwa na nyama ya nguruwe ndani yake, hata kama haionekani. Tamale, yaani unga wa mahindi uliofungwa na nyama ndani, nazo huwa na nguruwe au ng'ombe, uliza. Kambare wa kukaanga ni salama zaidi, ila uliza pia mafuta yamekaangiwa nini kingine. Wateja wetu Waislamu tunawaandalia kapu la chakula kutoka Houston kwa milo miwili, na sahani za kambare tunazipanga na mgahawa mapema.

Jumapili, kama kuna muda, tunapanda barabara ya Natchez Trace hadi Emerald, kilima kingine cha udongo kilichojengwa na watu asilia, karibu na alama ya maili ya 10. Kinafunika ekari 8 hivi. Barabara hii ni ya hifadhi: malori hayaruhusiwi, kituo cha mafuta hakuna, na mwendo wa juu ni maili 50 kwa saa. Wanaotufuata na magari yao tafadhali waheshimu hiyo 50, askari wa hifadhi hupima. Saa sita mchana tunageuza kurudi.

Miezi mizuri ni Machi na Aprili, kisha Oktoba na Novemba. Julai na Agosti joto na unyevunyevu huwachosha wazee, hatupangi safari za vikundi. Machi na Aprili kuna msimu wa kutembelea majumba, desturi iliyoanza mwaka 1932, na Oktoba kuna wikendi ya maputo ya hewa moto. Vyumba huisha mapema sana. Kwa nyakati hizo tunahitaji majina na malipo ya awali miezi mitatu kabla. Nyakati nyingine, wiki tano zinatosha. Unapotuandikia, taja idadi ya watu, umri wa watoto, nani hawezi ngazi, na nani hali nini. Bei tutakutumia ndani ya siku mbili, ikiwa na gari, malazi ya usiku mbili, tiketi na msimulizi wa Kiswahili.