Barua kwa mwanangu: itoe namba yako pale

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, na mguu wa baba yako umepungua uvimbe, Alhamdulillahi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikianza unanikatiza, halafu salio linaisha, nami nabaki na maneno yangu mdomoni.

Jana baada ya alasiri shangazi yako kaja na simu yake. "Wifi, hebu tazama hapa." Nikavaa miwani. Picha ya mtoto mchanga, kichwa kimekua kushinda mwili, kalazwa juu ya kitenge, mama yake kainama pembeni. Juu pameandikwa tumchangie afike Muhimbili akapasuliwe. Chini, namba ya simu. Jina sikuhitaji kulisoma. Namba ile ndiyo pekee niliyoihifadhi kichwani, hata ya baba yako siijui. Shangazi yako akasema mwanao anafanya kazi ya kheri, nikaitikia amin, akanywa chai akaondoka. Usiku sikupata usingizi.

Itoe namba yako pale. Nitakueleza kwa nini, lakini hata usipoimaliza barua hii, hilo lishike.

Si kwamba sikioni mnachokifanya. Nimeambiwa kwamba ninyi vijana wa Tanga mlioko huko ndio mnaowapokea wale kina mama stendi ya Magufuli, mnawatafutia pa kulala, mnawapeleka hadi MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, kwa kuwa wengine ndiyo mara yao ya kwanza kuiona Dar. Asiyejua anadhani shida yote ni upasuaji. Upasuaji una madaktari wake. Kinachomrudisha mama njiani ni nauli, ni kula yake yeye mwenyewe, ni watoto wengine aliowaacha kwa jirani. Na akishapasuliwa mwanawe bado kuna kurudi, maana ule mrija wanaowekewa kupunguza maji kichwani unataka kuangaliwa, na ukiziba ni safari upya. Hilo mmeliona ninyi vijana, sisi wakubwa wenu hatukuliona. Baba yako nilipomwambia alikaa kimya. Jioni nikamsikia anamhadithia mwenye duka, na sauti kaipandisha ili na waliokaa barazani wasikie.

Sasa turudi kwenye namba. Mshahara wako unaingia humo. Kodi ya chumba inatoka humo, na vocha, na pesa unayonitumia mimi. Na ile mikopo ya simu. Usiniambie hukopi, mwanangu. Mwezi wa Rajabu ulinitumia pesa ya dawa tarehe ambayo mshahara haujatoka, na mimi tarehe nazihesabu. Deni la simu halingoji: pesa ikiingia tu, wanakata. Mtu kakaa Korogwe, kauza machungwa yake, katuma 5,000 ya mtoto, imeingia na hapo hapo imekatwa kulipa deni lako la juzi. Hujaiba. Pengine hata hukuona ujumbe. Lakini pesa ya mtoto imeshalipa deni lako, na ukiulizwa utasema nini?

Jingine naliandika huku nikisema Mungu apishe mbali. Wewe ni mtu wa safari, Dar na Tanga, Tanga na Dar, usiku usiku. Ukipatwa na jambo, pesa iliyomo kwenye simu yako inakuwa mirathi. Itabidi twende mahakama ya mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, lisubiriwe tangazo, siku zihesabiwe. Mimi na baba yako tutakuwa warithi wa pesa ya mgonjwa, naye mgonjwa kalala anangoja. Nani atatenganisha ipi yako na ipi ya mtoto? Pesa haina alama.

Sanduku la kikoba cha mama yako mdogo unalijua. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na anayelilaza sanduku kwake hana ufunguo hata mmoja. Wanaume wanalicheka, wanasema wanawake hawaaminiani. Sivyo hata kidogo. Zile kufuli zinamlinda yule aliyelilaza sanduku. Akiamka asubuhi, hakuna wa kumtazama kwa jicho la pembeni, na yeye mwenyewe hata akibanwa vipi usiku, hana cha kufungulia. Chama chetu cha kuzikana hakikuwa hivyo. Sisi tulikuwa na kopo la maziwa ya unga, kufuli moja, na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la kanga yangu. Miaka tisa. Hakuna aliyewahi kuniomba daftari, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa kuaminika.

Na wewe watu wanakuamini. Ndiyo maana naogopa.

Nimemwendea afisa maendeleo wa kata, nikamuuliza kama mtu anayeuliza ya jirani. Kasema kikundi cha kijamii kinasajiliwa halmashauri, kwa maendeleo ya jamii, mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao na majina ya wanachama na viongozi. Mkikua mkataka kuwa shirika kamili, kuna Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, sheria yake ni ya mwaka 2002, na huko mtatakiwa kupeleka taarifa za kazi na za fedha kila mwaka. Anzeni na halmashauri. Mkishapata cheti fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, watia saini watatu, asitoe mtu senti mpaka wawili wamesaini. Au ile ya kikundi ya kwenye simu, ambayo mmoja akiomba kutoa, lazima wenzake waidhinishe. Benki watawadai karatasi hii na hii, watawarudisha mara tatu, watawachosha. Chokeni.

Na kwenye hiyo katiba andikeni yale mnayoona haya kuyaandika. Pesa ikizidi mahitaji ya mtoto huyu, inakwenda kwa nani? Mtoto akifariki kabla ya safari, ni ya wazazi, ni ya mtoto anayefuata, au inarudi kwa waliotoa? Mkiyasema mapema ni utaratibu. Mkiyasema siku ya msiba, mama wa watu kavaa kaniki anawasikiliza, hayo ni matusi. Halafu kila mwezi bandikeni hesabu, iliyoingia na iliyotoka, hadi nauli ya bodaboda. Mtu akiwauliza cheti, akiwauliza taarifa, msimnunie. Anayeuliza ndiye atakayetoa tena mwakani.

Picha. Hili limeniuma, nisikufiche. Yule mama mlimuuliza? Mlimwambia picha itafika Tanga, itapita kwenye simu za watu asiowajua, mpaka kwa shangazi yako akinywa chai? Mtoto yule, inshallah, atapona, ataingia darasa la kwanza, na picha itakuwa ingalipo. Mimi sikukulea hivyo. Ulipokuwa na upele ule mwaka ule, nilikufunika khanga kichwani kila tulipotoka, na ulikuwa na miaka minne tu. Weka picha ya mikono yake, au usiweke kabisa. Mwenye kutoa atatoa.

Usidhani nawakatisha tamaa watu wa kutoa. Mimi ninachokiona ni kwamba tunatoa kwa misimu. Hapa jirani yetu kuna makao ya watoto, unayajua. Ramadhani ikiingia, magari yanapishana getini: mchele, tende, mafuta, sukari, na mwenye kutoa kasimama katikati ya watoto anapigwa picha. Mfungo mosi ukiandama hakuna mtu. Mlezi wao mmoja alinijia mwezi uliopita kuazima pesa ya luku, umeme wa siku mbili tu. Stoo ina mchele wa miezi, na gizani wanakaa. Mchele huo huwezi kuutia kwenye mita. Mshahara wa yule mlezi hauna mfadhili, kwa sababu hakuna anayetaka kusema mimi nilitoa mshahara, kila mtu anataka kusema nililisha yatima. Na sheria ya mtoto ya 2009 inataka makao yawe na leseni, yawe na walezi, ukaguzi upite. Hayo yote yana gharama. Kwa hiyo nyinyi waambieni watu wazi: katika kila shilingi, hiki ni cha nauli ya mama, hiki ni cha vocha, hiki ni cha karatasi. Mtu akiahidi 2,000 kila mwezi mwaka mzima, mshikeni huyo kuliko yule wa laki moja ya siku moja. Wa 2,000 mnaweza kumpangia.

Wala si kila mtu aombwe pesa. Yule fundi cherehani wa barabara ya nyuma anashona sare za watoto wawili kila Januari, hajawahi kutangazwa popote. Ada imefutwa tangu 2016, sawa, lakini sare haikufutwa, wala madaftari, wala viatu. Kuna binti hapa kasomea uhasibu anakaa tu nyumbani akingoja ajira, hesabu zenu angezifanya Jumamosi moja zikaisha. Na damu je? Watoto wenu wakipasuliwa wanahitaji damu, na damu haipatikani dukani. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Wewe mara ya mwisho lini? Umenenepa, nimeona kwenye picha.

Na kina mama wale wafundisheni kabla hawajarudi kwao, wao na wadogo zao. Nesi alituambia kliniki kwamba mwanamke anayetaka kuzaa aanze vidonge vya foliki asidi hata mimba haijaingia, maana mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya mwezi wa kwanza, wakati mwenyewe bado hajijui. Wenye mgongo wazi, wengi ndio hao hao wanaojaa maji kichwani. Hilo ni jambo la kusema tu, halina hata mchango.

Huku nyumbani, bati la upande wa jikoni limetoboka tena, mvua ya juzi tumekinga ndoo mbili. Fundi anataka bati tatu na misumari. Mnazi wa uani umeinamia kwa jirani, baba yako anasema tuukate, mimi nasema tungoje madafu yaliyomo yakomae. Mdogo wako hasomi, anashinda pwani, Raskazone. Mpigie wewe, mimi maneno yangu ameyazoea.

Na lile tranka lako la bluu nimelitoa stoo, limeota kutu chini. Nikakaa nalitazama. Ulipopata bweni 2011, ada ilikuwa 70,000, na tranka lenyewe, na godoro, shuka, ndoo, viatu jozi mbili. Baba yako ndio walikuwa wamesimamishwa kazi. Majirani wakasema mama yake hodari, kapata vyote kwa siku nne. Wiki sita zile, mwanangu, nikisikia kilio mtaani, kabla sijasema inna lillahi nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu. Akafariki mzee wa nyumba ya tatu. Wenyewe walingoja sanda mpaka adhuhuri inakaribia, na mimi niko sokoni Mgandini nazunguka kwa wauza samaki, huyu elfu tano, huyu elfu tatu. Yote nilirudisha, hata mia haikupungua. Hakuna aliyejua. Bibi yako alijua, na mpaka anakufa hakunitamkia, ila tangu siku ile akawa anakuja kukaa nami kila nikihesabu.

Basi, tranka nimpe fundi alizibe, au nimwachie mdogo wako atilie vyombo vyake vya kuvulia?

Nakutumia mihogo na nazi kumi kwa basi la kesho asubuhi, ziko kwenye kiroba cheupe kilichoshonwa uzi mwekundu. Kondakta usimpe chochote, nimeshamlipa. Nazi mbili wapelekee kina mama wanaolala pale kwenu, hospitali wanakula wali mkavu.

Ukishaitoa namba nipigie. Hata iwe usiku wa manane, simu naiweka chini ya mto.

Ni mimi mama yako,
Ngamiani, Tanga