Mheshimiwa Waziri, vichochoro vya Mji Mkongwe viachiwe wenye miguu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utalii na urithi,
Zanzibar.

Asalaam aleikum.

Mimi ni mtembeza wageni hapa Mjini, na nakuandikia kwa jambo moja tu: pikipiki na vespa ndani ya vichochoro. Najua mezani kwako pana mafaili mazito kuliko hili. Jumba la Maajabu peke yake, tangu sehemu yake iporomoke tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, linatosha kumkosesha mtu usingizi. Hili langu halihitaji winchi wala mfadhili.

Chukua njia ya kutoka Forodhani, upite ubavuni mwa Jumba la Maajabu, uingie Hurumzi na kushika njia ya Kiponda. Kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, hata jasho halijakutoka, umeshapita misikiti ya Sunni, ya Ibadhi na ya Shia, na hekalu la Wahindu lililojibana katikati ya nyumba za watu. Ukikata kurudi upande wa Shangani unakutana na Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki. Haya hayakupangwa ili yampendeze mgeni. Watu walikuja na upepo wa kaskazi kutoka Omani, Hadhramaut, Kachi na Gujarat, wakawakuta wenyeji wa pwani hii, wakajenga ukuta kwa ukuta kwa sababu ardhi ilikuwa ndogo: huku bahari, kule mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa, ndiyo Darajani ya leo. Mwaka 2000 tulipoingizwa katika Urithi wa Dunia, mchanganyiko huo ndio uliotupa sifa. Na mchanganyiko huo, Mheshimiwa, unaonekana kwa miguu tu. Kwenye gari hufiki. Kwenye pikipiki unafika lakini huoni.

Milango ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Mlango wa mtindo wa Kiarabu wa zamani juu umenyooka, na mara nyingi kizingiti chake cha juu kimechongwa aya za Kurani. Wa baadaye, uliochukua mkono wa mafundi wa Kihindi, juu umepinda kama upinde na umejaa maua. Ile ya madukani ya Kigujarati ni ya mbao nyembamba zinazokunjwa, wala haina makuu. Nikimsimamisha mgeni hapo namwambia apitishe kidole ukingoni mwa fremu, ausikie mnyororo uliochongwa kutoka chini mpaka juu. Kisha anauliza kuhusu misumari ya shaba, maana wote huuliza misumari. Sijafungua mdomo, honi imelia nyuma. Tunajibandika ukutani, vespa inapita, ya pili inaifuata na mtungi wa gesi, na tukiachana na ukuta mgeni ameshasahau alichouliza.

Angalia na kona zenyewe. Nyingi zimekwanguka chokaa mpaka jiwe la matumbawe limetokeza, na mkwaruzo uko kimo cha usukani. Kuta hizi ni za mawe, chokaa na udongo. Hazikujengwa kupigwa pasi na vyuma kila siku.

Mkunazini ni hivyohivyo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa la Kianglikana likajengwa mahali palepale. Mimi hupenda kuwaambia watu habari hiyo nje, kabla ya lango, ili wakiingia wawe wameshanyamaza. Siku hizi naisema kwa kupiga kelele.

Wageni, hata hivyo, wanakuja na kuondoka. Wazee wetu ndio wanaoumia. Baraza zimejengwa pamoja na nyumba ili mtu akae nje, apokee salamu, anywe kahawa, jirani asiye wa dini yake akae pembeni yake bila kualikwa ndani. Kichochoro chembamba kikiwa barabara, aliyekaa barazani anakunja miguu kila dakika, na mwisho anaingia ndani na kufunga mlango. Watoto wa chuo cha Kurani nao wanatembea wamejipanga ukutani kama siafu.

Simtaki mtu aseme nawatesa wakaazi. Mgonjwa abebwe, gesi na maji yaletwe, hamali apite na mkokoteni wake. Anayeishi ndani na pikipiki yake aizime mdomoni mwa mtaa aikokote. Wapo wanaofanya hivyo leo bila kuambiwa, na nawavulia kofia. Ninaowalalamikia ni wanaokata njia tu, kutoka Darajani kwenda Shangani, kwa kuwa kuzunguka kunawapotezea muda.

Ombi langu: funga njia mbili tu kwa majaribio, Hurumzi na Gizenga, kuanzia saa tatu asubuhi hadi magharibi, vyombo vya moto visipite isipokuwa vya dharura. Weka nguzo za kung'oka, si bango, maana mabango tumeyazoea. Masheha wa shehia husika waitwe kwanza, na wenye maduka pia, kwa sababu wao ndio watakaopinga na wao ndio watakaofaidi mteja akipata nafasi ya kusimama.

Kabla hujaamua, njoo upite mwenyewe, Jumatatu saa tano hivi, bila msafara. Mimi nitakuwa Hurumzi, na siku hiyo sitatoza.

Wasalaam,
Mtembeza wageni, Kiponda