Malalamiko: pedali mlizoniuzia hazifai kazi niliyowaeleza

Uyole, Mbeya

Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUOMBA KUBADILISHIWA PEDALI NA VIATU

Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu tawi lenu la hapa Mbeya limenipiga danadana vya kutosha. Kila nikienda naambiwa bidhaa ikishatumika hairudishwi. Nakala ya risiti ya EFD nimeambatisha.

Nilifika dukani kwenu nikitaka vishikio vya vidole, vile vya chuma vyenye mkanda wa ngozi, vinavyofungwa mbele ya pedali ya kawaida. Nilimweleza kijana wa kaunta kazi yangu: nazungukia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kuanzia Igawilo kupanda hadi Isyonje, na kila kituo nashuka, naacha baiskeli kwenye lami na kuingia kwa miguu hadi bandani. Masika, njia hizo ni tope tupu. Jibu lake lilikuwa kwamba vishikio vimepitwa na wakati, na kwamba tangu Bernard Hinault ashinde mashindano ya baiskeli ya Tour de France ya 1985 kwa pedali za kunasa kiatu, hakuna mwendeshaji anayejua anachofanya aliyerudi nyuma. Hinault alishinda kweli kwa pedali hizo. Lakini Hinault hakuwa anashuka kila baada ya kilomita mbili kwenda kumwangalia ndama.

Akaniuzia pedali za Shimano SPD-SL, zile za kliti (kipande kinachonasa kwenye pedali) ya plastiki inayofungwa kwa skrubu tatu chini ya soli. Sina ugomvi na mtengenezaji. Ni pedali nzuri kwa mtu anayekaa juu ya baiskeli kutwa. Ila kliti yake inatokeza nje ya soli. Ukitembea nayo kwenye zege unateleza, ukiingia kwenye udongo ule mweusi wa Rungwe inajaa tope na haiingii tena kwenye pedali mpaka uichokonoe kwa kijiti. Kliti zangu zimeshalika pembeni kwa kutembea tu.

Halafu kliti zenyewe ni nyekundu. Shimano wana rangi tatu: ya njano inaruhusu kisigino kucheza nyuzi 6, ya bluu nyuzi 2, nyekundu haichezi kabisa. Kwa mtu anayeanza, tena kwenye mlima kama wa kwenda Isyonje, mguu unalazimishwa mkao mmoja muda wote. Goti langu la kulia sasa linauma hata nikipanda ngazi. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna rangi nyingine.

Jambo lililonifanya nishike kalamu lilitokea Mwanjelwa. Bajaji ilisimama ghafla mbele yangu kubeba abiria. Nilizungusha kisigino nje kama nilivyoelekezwa, kiatu hakikutoka, nikaanguka upande wa kulia, yanakopita malori ya Tunduma. Lori lililokuwa nyuma lilifunga breki. Jioni hiyo fundi wa mtaani alinionyesha skrubu ndogo ya kulegeza springi inayobana kiatu, nyuma ya pedali: ilikuwa imekazwa hadi mwisho, kulia na kushoto. Aliyezifunga ni fundi wenu, mbele yangu, na hakusema neno juu ya skrubu hiyo.

Sisemi vishikio havina kasoro. Ukikaza mkanda sana, nao huutoi mguu mpaka uinamishe mkono kufungua kifungo cha mkanda. Ila ukiuacha legevu kidogo unavuta mguu nyuma na umetoka, na unavaa buti lolote. Na kama duka halina vishikio, zipo pedali za SPD za skrubu mbili: kliti ni ya chuma, ndogo, inazama ndani ya soli, mtu anatembea kawaida. Ukizifungia kliti za SH56 mguu unatoka hata kwa kuuvuta juu. Kijana wenu angeniuliza maswali mawili tu angefika hapo.

Naomba mnibadilishie pedali na viatu kwa SPD za skrubu mbili zenye kliti za SH56, au mnirudishie fedha zangu ninunue vishikio kwingine. Uzi wa pedali ni ule ule wa inchi 9/16, kwa hiyo hakuna kingine cha kugusa kwenye baiskeli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi yake na kutegemea utaalamu wake. Nisipopata majibu ndani ya siku 14 nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani, FCC.

Lakini hilo la springi lisisubiri siku 14. Tafadhali pigeni simu tawini leo, springi zilegezwe kabla pedali hazijatoka dukani, na kila mteja afundishwe kutoa mguu akiwa ameegemea ukuta kabla hajaingia barabarani.

Wenu mteja,
Uyole, Mbeya.