Mafuriko ya Kyela yapimwe kuanzia huko juu Rungwe

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu mafuriko, maana msimu ukifika kila mtu huku Kyela, tambarare ya kando ya Ziwa Nyasa chini ya milima ya Rungwe, anaangalia wingu lililo juu ya kichwa chake na mi naona hapo ndo tunapokosea.

Kuna video inazunguka sana kwenye simu, nyumba nzima inang'oka ukingoni inaondoka na mto, ile ni Marekani, eneo la Yellowstone, Juni 2022, mafuriko ya mvua na theluji iliyoyeyuka. Vijana hapa Ipinda walibishana sana, theluji inaletaje mafuriko wakati imeganda na haiendi popote? Swali zuri na linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kule kipindi cha baridi theluji inaanguka na kurundikana mlimani miezi na miezi, mto huku chini umetulia tu, yaani mlima unakuwa ghala la maji. Theluji mpya ina hewa nyingi, sentimita 10 zikiyeyuka unapata kama sentimita 1 ya maji, ila ile iliyokaa mpaka mwisho wa msimu imeshashindiliwa, sentimita 10 hizohizo zinaweza kutoa maji sentimita 3 au 4. Ndo maana wenzetu hawaangalii kimo peke yake, wanapima na uzito, wana mamia ya mitambo milimani inayotuma vipimo yenyewe, na kipimo cha tarehe 1 Aprili wanakiangalia kwa makini sana kwa sababu hapo ndo wanajua maji mangapi yamebaki huko juu yanasubiri kushuka.

Joto likipanda taratibu hamna shida, mchana inayeyuka usiku inaganda tena, mto unajaa kidogokidogo. Shida ni joto likija kwa mkupuo, usiku nao usiwe na baridi, halafu mvua ya vuguvugu na upepo wenye unyevu vikute theluji ambayo tayari imelowa, hapo maji ya mvua na maji ya ghala yanateremka kwa pamoja na ardhi iliyoganda au iliyoshiba hainywi kitu. Yellowstone ilikuwa hivyo, baridi ilichelewa kuondoka, theluji ikawa bado ipo mlimani, ikanyeshewa mvua kubwa.

Sasa mtu atasema sisi theluji tunaitoa wapi, Kitulo na Makete umande unaganda mwezi wa sita na wa saba basi. Ni kweli. Lakini ghala tunalo, ni udongo. Mvua zetu zinaanza Novemba, ikifika Machi udongo wa Rungwe na Busokelo umeshiba kabisa, unachimba shimo la mgomba maji yanajitokeza yenyewe, kwa hiyo mvua ileile ambayo Desemba ingezama ardhini, ikinyesha Aprili sehemu kubwa inakimbilia mtoni. Na mteremko ni mkali, Mlima Rungwe una karibu mita 2,960, ziwani kwetu hata mita 500 hazifiki, na Kiwira, Mbaka na Lufirio zote zinakuja kumwaga huku tambarare.

Unakuwa umesimama ukingoni mwa Mbaka jua linawaka, mara maji yanachafuka kidogo, yanaanza kupita majani, mianzi, halafu mgomba mzima na mkungu wake, na kama mpunga wako uko chini kwenye turubai huna muda tena. Taarifa tunayoitegemea ni kumpigia shangazi au mjomba aliyeko Tukuyu, mjini Rungwe, umuulize huko juu imenyesha saa ngapi, asipopokea simu ndo basi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) tunausikia na unasaidia sana, ila mvua itakayonyesha ni nusu ya habari, nusu nyingine ni ardhi imeshiba kiasi gani na mto umepanda kiasi gani huko juu.

Na kupima bila kuwaambia watu ukweli mapema haisaidii. Tarehe 30 Mei 1948 mji wa Vanport, jimbo la Oregon, ulisombwa na mto Columbia uliojaa theluji iliyoyeyuka na mvua. Asubuhi ile wakazi walipewa tangazo kwamba tuta la kuzuia maji liko salama na kwamba wangeonywa ikibidi, jioni yake tuta likapasuka. Walikufa watu 15 na mji haukujengwa tena. Inauma sana kusoma hivyo, kwa sababu maji yale yalionekana yakipanda siku nyingi kabla.

Ombi langu kwa wenye dhamana: kuanzia Machi mpaka Mei kimo cha mito yetu kule juu kisomwe kila siku na kitangazwe redio za Mbeya, kiende kwa meseji kwa wenyeviti wa vitongoji vya Kyela, kwa maneno ya kawaida, mto umepanda mita ngapi na maji yanategemewa kufika huku saa ngapi. Na usiku pia, maana mvua ya jioni Rungwe inatufikia tumeshalala.

Mkulima wa mpunga,
Ipinda, Kyela