Wakutubi wawape walimu habari mapema

Mhariri,

Walimu wengi wa Nairobi hupata habari za vitabu na hafla za maktaba wakiwa wamechelewa, na kosa si lao. Mkutubi akitupa kila kitu kwenye kundi la WhatsApp Jumatatu asubuhi, ujumbe wake hufunikwa na ratiba ya zamu na matangazo ya michango.

Aanze na maazimio ya kazi. Muhula ukifunguliwa, aombe nakala kwa wakuu wa idara, aone mada ipi inafundishwa wiki gani, kisha atume habari wiki 2 kabla. Kila kitabu kiandikiwe namba ya rafu, kurasa zinazohusika na idadi ya nakala zilizopo. Hiyo idadi ndiyo husahauliwa, na ndiyo huharibu somo: mwalimu anajikuta na nakala 3 mbele ya wanafunzi 50. Angejua mapema, angewapanga kwa vikundi au kunakili kifungu kimoja ubaoni.

Video nzito zisitumwe kwa simu, maana humaliza bando za walimu. Zipakuliwe mara moja kwenye kompyuta ya maktaba, kila mwalimu achukue kwa flashi.

Hafla, ziwe za Maktaba ya McMillan au za matawi yake ya Kaloleni na Makadara, zitangazwe mwezi mzima kabla. Barua za idhini ya wazazi, basi na ruhusa ya mwalimu mkuu havipatikani kwa siku 3.

Mkutubi wa shule,
Nairobi